Kumrudisha Maman Faida

Mzee Gashugi tulimzika majuzi hapa Mururu, upande wa Rwanda wa mto Rusizi, na kabla ya mazishi nilikaa nyumbani kwake asubuhi nzima pamoja na wanawake wenzangu. Mjane wake, Maman Faida, alikuwa juu ya godoro sebuleni, miguu ameinyoosha, kitambaa kimefungwa kichwani. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto, maana mzee yule nilimpenda. Yeye hakulia wakati ule. Aliniuliza kama nimekula. Siku nilipofika kwake mara ya kwanza, msichana mwenye mfuko mmoja na viatu vilivyojaa tope, neno lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, na sikumbuki hata siku moja ambayo jibu langu lilimzuia kunipakulia. Kupitia mlango wa nyuma nilikiona chumba nilichokaa mwaka ule. Sasa wanahifadhia maharagwe na mabidoni ya maji. Ukuta wake wa kushoto bado una alama nyeusi ya moshi, kwa sababu upande wa pili ni jikoni.

Asubuhi ilipokuwa imesonga, akaingia Innocent, jirani yao wa zamani, jembe begani. Siku hizi ana upara na kitambi, na watoto wake wamemaliza shule. Alilisimamisha jembe ukutani, akapiga magoti mbele ya Maman Faida, akamshika mikono yote miwili. Dada mmoja kando yangu, ambaye alikuwa ametoka Butare, kata ya mbali kidogo ya wilaya yetu, na hakuwafahamu vizuri watu wa pale, aliniuliza kama huyo ni mtoto wa marehemu. Nikamwambia hapana. Angeniuliza miaka ile ningecheka mpaka machozi. Kuna mwaka ambao huyo Innocent nusura aivunje nyumba ile, na hakufanya kwa roho mbaya. Alifanya kwa kuipenda nchi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimevuka kutoka Bukavu nilikozaliwa, Mnyarwanda wa jina na wa damu, lakini Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchechemea. Kule walikuwa wakiniita Munyarwanda, tena si kwa kunisifu. Huku, nikifungua tu kinywa sokoni, waliniita Mukongomani. Nilizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana, ila jioni anakivua, na jioni yangu ilikuwa nyumbani kwa Mzee Gashugi, ambako tulisema Kiswahili chetu bila mtu kutusahihisha. Maman Faida aliuza samaki karibu na daraja la mpakani, la Rusizi ya pili, nami nikawa msaidizi wake. Asubuhi tulikwenda na mabeseni, mchana tulirudi tukinuka sambaza, yale masamaki madogo ya ziwani. Tulioga, ila harufu ilibaki kwenye nywele. Jioni tulikula bugali na lenga-lenga, mchicha wetu, na sambaza zilizobaki zikikaangwa mpaka zikauke, zinavunjika mdomoni kama karanga. Sijala tena sambaza kama zile, ingawa nimejaribu kuzikaanga mwenyewe miaka yote hii.

Mzee alikuwa fundi wa kujenga. Alivushwa kwenda Kongo akiwa mgongoni kwa mama yake, akazeekea Bukavu, akaoa huko. Maman Faida ni Mushi wa Kadutu, mtaa wa huko huko Bukavu, Mkongomani pande zote. Alipokuwa kijana, kila Jumapili baada ya misa mzee alishuka mpaka mahali ambapo mtu huona milima ya upande huu, akasimama, akatazama, akarudi kula. Wenzake walimcheka. Hatimaye aliporudi na kujijengea nyumba Mururu, aliweka dirisha kubwa la sebule upande gani? Upande wa Bukavu. Maman Faida alikuwa akimtania mbele ya wageni kwamba bwana wake ameugua shingo: kule alitazama huku, na huku anatazama kule. Mzee alicheka kuliko sisi wote. Nami kwa kupitia ule ukuta wa moshi nilikuwa nikiwasikia asubuhi, kabla sijatoka kitandani, yeye akimwambia mke wake mvua inanyesha wapi na wapi ng'ambo, kana kwamba wana shamba huko.

Innocent aliishi nyumba ya pili. Alikuwa seremala, mzuri wa kazi, na kijana mwenye heshima. Baadhi ya watu walidhani ataniposa, na kuna wiki chache ambazo hata mimi nilidhani hivyo. Alikuwa amerudi kutoka Bukavu kabla yangu. Kule, akiwa shuleni, walimtupia mawe siku moja redio zilipokuwa zimejaa maneno mabaya, na kovu lake alikuwa nalo juu ya nyusi. Aliporudi aliapa kwamba daraja lile halivuki tena. Akavaa fulana ya rangi za bendera mpaka ikapauka mabegani, akajiunga na kamati ya vijana, akaanza kuwasahihisha watu Kinyarwanda chao, hali chake mwenyewe kilikuwa kinachechemea mguu ule ule kama changu. Sikumwambia. Nilimhurumia, na nilimhusudu kidogo pia, kwa vile alikuwa na hakika yeye ni nani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, hilo kila mtu hapa analijua. Mwaka ule mvua ilikuwa imekata njia juu ya nyumba zetu, na mudugudu wetu, yaani kijiji, ukaamua kuchimba mtaro wa kuyaelekeza maji mbali. Mzee Gashugi hakukosa hata mara moja, na Maman Faida alikwenda naye, kila mmoja na jembe lake, wakipanda mlima polepole huku wakibishana nani amesahau kufunga mlango. Siku moja mwalimu mmoja aliyekuwa akiongoza kazi aliona watu wamechoka. Akamwomba mzee, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote, aanzishe wimbo. Mzee hakufikiri. Alishika jembe vizuri, akaanzisha wimbo wa salongo.

Wasioijua salongo niwaeleze. Enzi za Zaire, kazi ya pamoja ya Jumamosi iliitwa hivyo, nayo ilikuwa na nyimbo zake za Kilingala: mmoja anaanza, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Mzee aliifanya salongo miaka mingi kule Bukavu, mgeni katikati ya wenyeji, na mwili wake ulikuwa umefundishwa kwamba jembe la Jumamosi lina wimbo huo. Maman Faida akaitikia. Sisi wengine tuliokulia ng'ambo tukaitikia kabla hatujajua tunafanya nini, na lazima niseme, udongo ulitoka. Mtaro ulikwenda mbele kama tuna trekta. Kisha nikamwona Innocent amesimama wima, uso umemwiva, fulana yake imelowa jasho.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilitukata wote, "hii wimbo iko ya wapi?"

Wimbo ukafa. Nilimwona mzee akitafuta jibu, macho yakienda ng'ambo ya mto na kurudi, na ilinichoma moyo kumwona mtu mzima ameaibishwa hivyo mbele ya watu kwa ajili ya kuimba.

Baada ya umuganda huwa kuna mkutano. Tuliketi kwenye nyasi, na Innocent akaomba kusema. Alisema muda mrefu. Alisema nchi imejengwa kwa damu na jasho, kwamba ng'ambo wametutukana na kututupia mawe, kwamba haifai watu waje na Kongo vinywani mwao mpaka kwenye umuganda. Mpaka hapo wengine waliitikia kwa vichwa. Kisha akafika alikokuwa akienda: ushirika wa wauza samaki uwe wa Wanyarwanda peke yao, na aliye wa kule achague, awe wa huku au arudi kwao. Hakumtaja mtu. Hapakuwa na haja, kwa sababu katika ushirika ule mtu wa kule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameketi kando yangu akijikwangua udongo kwenye miguu kwa kijiti. Mkuu wa mudugudu, mtu asiyependa kelele, alisema jambo hilo litajadiliwa mwezi ujao. Maman Faida aliendelea na kijiti chake mpaka miguu ikawa safi kabisa.

Nyumbani alipika kama kawaida. Tulikula kama kawaida, ila hakuna aliyetaniwa. Asubuhi kupitia ule ukuta nikasikia mazungumzo ambayo hayakuwa ya mvua. Mzee alimwambia maneno ya kijana yatapita. Yeye akamjibu, bila hasira, kwamba alikuwa amechimba ule mtaro tangu siku ya kwanza, na mahali ambapo wanataka jembe lake lakini hawamtaki yeye, hawezi kukaa. Alifunga nguo zake katika pagne moja, kitenge chake cha kila siku, akaniachia beseni la samaki na maelekezo ya namna ya kuwakaripia wateja wanaobonyeza-bonyeza, akavuka daraja. Nilimsindikiza hadi kwenye kizuizi cha mpaka. Sitasahau alivyoonyesha jeton yake, kile kikaratasi cha kuvukia, kama siku yoyote ya soko, na yule askari akamtakia kazi njema.

Basi sasa mzee alikuwa na mambo mawili ambayo alidhani ni moja: nchi aliyoingojea maisha yake yote, na mwanamke aliyeingoja naye. Siku zikapita akila chakula changu, ambacho hakikuwa kizuri, akiketi kwenye lile dirisha. Kwetu, mke akikasirika akarudi kwao, mume haendi kumchukua mikono mitupu. Anapeleka pombe, wanamkalisha, wanamuuliza kosa lake, analisema, ndipo mke anarudishwa. Ukubwa wa mzee haubadilishi kitu, hata ukiwa na wajukuu utakwenda. Mzee akanunua bidoni la pombe ya ndizi, nikalibeba mimi, tukavuka. Kadutu wakatupokea vizuri mno. Papa Bahati, kaka mkubwa wa Maman Faida, akamkalisha shemeji yake kwenye kiti kizuri, akamuuliza kosa lake. Mzee akawaza, akasema hajui. Papa Bahati akamwita dada yake, naye akasema ni kweli, huyu hana kosa. Basi yule mkubwa akalisukuma lile bidoni kwa mguu, taratibu, mpaka likarudi mbele ya mzee.

"Shemeji, hii pombe hatuwezi kuinywa," akasema. "Si weye ulimukosea. Ule mwenye alimukosea, akuye."

Ndivyo mila ilivyo, na hakuna aliyeweza kuipinga. Tukarudi na bidoni letu lililojaa, nami njiani nililia kwa uzito wake na kwa mengine. Nilijua, na mzee alijua, kwamba aliyetakiwa alikuwa ameapa kutolivuka daraja lile. Mzee hakwenda kumbembeleza wala kumlaumu. Alikwenda umuganda wa mwezi ule, akachimba kipande chake bila wimbo, kazi ikaenda kwa kusuasua, kila jembe na safari yake. Jumatatu akaanza kukusanya vifaa vyake vya kujengea: mwiko, timazi, pimamaji, akivisafisha kimoja kimoja na kuvitia kwenye gunia. Nilikuwa uani nachambua maharagwe Innocent alipopita, akasimama, akamsalimu, akamuuliza amepata kazi wapi.

"Bukavu," mzee akasema.

"Ya siku ngapi?"

"Hapana ya siku. Minaenda kukaa."

Innocent alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaliona gunia. "Lakini, Mzee, weye uko Munyarwanda."

"Njo vile. Na bibi yangu eko Mukongomani. Ulisema muntu achague. Minachagua."

"Miye sikusema weye uende. Nilisema..."

"Ulisema yeye. Nyumba iko moja, kijana."

Innocent akagusa kovu lake bila kujua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kule walimpiga mawe. Mzee akaweka timazi chini. Alimwambia anajua, na kwamba yeye mwenyewe ametukanwa miaka mingi kabla Innocent hajazaliwa, akijenga nyumba za hao hao waliomtukana, na jioni akija kuitazama milima hii. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mama yangu minamupenda. Haiko lazima mama ya jirani akuwe mubaya ju miye nimupende wangu."

Akarudia kusafisha mwiko. Hakusema kwa kufundisha. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini anaweka kokoto kabla ya saruji.

Binti yangu, anayesoma sekondari, aliwahi kuniuliza tofauti ya uzalendo na utaifa wa kujigamba, kwa ajili ya mjadala wa shule. Nilimsimulia mambo haya. Akalalamika kwamba ni marefu, mwalimu anataka sentensi mbili. Nilijaribu, sikuziweza. Naweza kusema tu kwamba wote wawili walikuwa wakiipenda nchi hii, mzee na kijana, na sikubali anayesema Innocent alikuwa mnafiki. Ila upendo wa mzee ulikuwa umeishi miaka mingi bila kumhitaji adui. Wa Innocent ulikuwa haujapata kujaribiwa bila adui, na siku ile uani ulikuwa umemfikisha mahali pa ajabu: anaipenda Rwanda mpaka anamfukuza Mnyarwanda atoke humo. Nafikiri hilo ndilo lililomshinda. Alikuwa na akili, na alipenda mambo yakae sawasawa, kama seremala yeyote.

Siku ya tatu alikuja asubuhi, amevaa shati, si fulana. Akasema tu, "Tuende." Bidoni alilibeba yeye. Darajani alitembea katikati kabisa, macho mbele, shingo imekaza, na kuingia Kadutu alikuwa anageuka kwa kila kelele. Hakuna aliyemtupia kitu. Mama mmoja alimwita anunue maparachichi yake, na alipokataa, akamwambia ana uso wa kukosa usingizi. Kwa Papa Bahati alikalishwa kwenye kiti kile kile. Akaulizwa kosa. Akasema, akitazama sakafu, kwamba alimfukuza maman mbele ya mkutano, na alikuwa amemuona akichimba, na anaomba msamaha. Nilimuonea fahari. Mwenyeji akamimina pombe, akanywa, akajifuta midomo, na kwa vile ushindi humlevya mtu kabla ya pombe, akaanza: "Nyiye Banyarwanda, njo vile muko, muna..."

"Bahati." Maman Faida alikuwa ametokea mlango wa jikoni na mwiko wa bugali mkononi. "Bwana yangu eko Munyarwanda, na amekaa pale. Sikukimbia matusi ya kule ju nikuye kukuta ingine hapa. Kunywa pombe yako."

Kaka mkubwa akanywa pombe yake. Innocent aliinua uso, akamtazama yule mwanamke, na nadhani ni hapo, si uani, kitu fulani ndani yake kilipogeuka. Alikuwa ametetewa Kadutu. Kisha tukapewa bugali na sambaza, na Maman Faida akamuuliza Innocent kama ameshiba, akampakulia tena kabla hajajibu. Alasiri tukavuka sote wanne, Maman Faida na pagne yake ile ile.

Jambo la ushirika halikujadiliwa mwezi ule wala mwingine. Mambo mengi mabaya hufa hivyo mikutanoni, kwa kutokuulizwa. Innocent hakuwa malaika. Aliendelea kutusahihisha, na fulana aliivaa mpaka ikachanika. Salongo haikuimbwa tena kwenye umuganda. Mzee hakuianzisha, na hakuna aliyemwomba, nami mwisho wa mwaka niliondoka kwenda kuolewa, na hilo lilibaki hivyo, kama kitu kilichovunjika ambacho wenye nyumba wanakizunguka.

Majuzi, makaburini, padri alipomaliza, vijana wakachukua makoleo na majembe kufukia. Udongo ulikuwa umelowa, mzito, unaganda kwenye vyuma, na kila mmoja alitupa kwa wakati wake. Maman Faida alikuwa amekalishwa kwenye kiti, nami nimesimama nyuma yake nimemshika mabega. Innocent akavua koti, akachukua jembe lake, akaingia katikati ya vijana. Alivuta udongo mara kadhaa. Kisha akaanzisha, kwa sauti ya chini iliyokwaruza, wimbo wa salongo.

Vijana hawakuujua. Aliimba mstari wa kwanza, mahali pa kuitikia pakafika, pakawa kimya. Akaanza tena. Nikahisi mabega chini ya mikono yangu yanatetemeka, nikadhani sasa analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anaitikia pia. Nikaitikia naye. Wazee wachache wakaingia, na majembe yakaanza kushuka pamoja.

Yule dada wa Butare akanisogelea. "Hii wimbo iko ya wapi?" akaniuliza.

Sikuwahi kumjibu. Innocent alikuwa amesikia, na bila kusimamisha jembe wala kuinua kichwa, alijibu yeye.

"Ya hapa."